Karatasi ya Khatibu

Shoga, tangu lini ugonjwa wa damu ukaletwa na mama peke yake?

Natoka Bofu sasa hivi, kwa mamake Khatibu, mume wa mwanangu Barke. Majibu ya mjukuu wetu Wardah ni SS, ana sikoseli. Yule mama, mbele ya mawifi wa Barke: "Kwetu ugonjwa huu hatuna. Kauleta Barke. Mwanangu aoe kwengine."

Aoe kwengine! Na Barke wangu kainama tu, amkanda mtoto magoti.

Wanijua mimi ni mtu wa subira. Leo wallahi hapana.

Nikamwambia, "Mkwe, toa na karatasi ya vipimo ya Khatibu." Alikuwa kaikalia, shoga. KAIKALIA! Nikaiweka mkekani pamoja na ya Barke. Barke AS. Khatibu AS. Nilifika darasa la saba, herufi mbili hazinishindi. Nikamweleza alivyosema daktari: wao wawili hawaumwi, lakini kila mmoja kampa mtoto S moja.

"Karatasi hudanganya," asema.

Hapo Khatibu mwenyewe, aliyekuwa kaketi mlangoni, akainua kichwa: "Mama, S moja ni yangu. Na mke wangu haendi popote."