Daftari Langu la Ndege Limechomwa

Jumatatu, Julai 1954. Nakuru, lokesheni ya Waafrika.

Baridi inauma tangu asubuhi, na mlima Menengai umejifunika mawingu mpaka kiunoni.

Nina hasira. Naandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana kwa sababu daftari sina tena. Limechomwa leo mbele ya macho yangu.

Miaka mitatu ya Jumapili zangu imekuwa jivu. Wenzangu wana mpira, wengine wana pombe ya busaa. Mimi nina ndege za propela. Kila Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nikisimama nje ya seng'enge ya kiwanja cha ndege, naandika kila inayotua au kupita: saa, inakotoka, injini ngapi, na sauti yake. Napenda propela inapoanza. Inazunguka mara moja, inasita, injini inakohoa moshi wa buluu, kisha panga zinapotea machoni na nyasi zote zinalala. Kuna moja kuukuu ya mbawa nne, mbili juu na mbili chini, niliyoipa jina la Bibi Harusi kwa jinsi inavyotua taratibu, kama inayoogopa kuchafua gauni.

Nakiri na jingine. Hata zile zinazokwenda kuwaangushia mabomu wapiganaji walio msituni niliziandika kwa mapenzi yale yale. Nilijua zinakokwenda, na bado nilizisifu sauti.

Kosa la jana ni langu, na hilo linanikasirisha zaidi. Askari aliniuliza kipande changu cha kitambulisho pale kwenye seng'enge, nikampa, akaridhika. Akauliza tu, "Na hii buku ni ya nini, mzee?" Nami, karani mzima wa ghala la mahindi, nikalifungua kwa majivuno aone mwandiko wangu. Nikamsomea! Saa za ndege, zinatoka wapi, zinakwenda wapi, katika hali hii ya hatari, watu wanapokamatwa kwa kisu cha kumenyea viazi. Punda angekuwa na akili zaidi.

Askari akalichukua daftari, na leo asubuhi nikasimamishwa mbele ya afisa mmoja, Mzungu kijana. Mezani kwake palikuwa na ndege ndogo ya mbao, imechongwa vizuri hata propela inazunguka. Nilipoiona nikapumua. Nikasema moyoni, huyu ni mwenzangu.

Na kweli alikuwa mwenzangu. Alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Aliuliza Bibi Harusi ni nani, nikamweleza, akacheka.

Ndipo ngurumo ikasikika juu ya mawingu. Sote wawili tukainua vichwa. Alikimbilia dirishani kama mtoto, akasema, "Hiyo ya vita. Injini moja."

Heri ningenyamaza.

"Mbili, bwana," nikasema. "Ya abiria. Na injini moja inakosa mapigo kidogo."

Ndege ikatoka mawinguni. Injini mbili. Askari wa mlangoni alicheka, akajifanya anakohoa. Afisa akawa mwekundu mpaka shingoni. Akarudi mezani, akafungua jiko la kuni lililokuwa nyuma ya kiti chake, akatupa daftari ndani.

"Wewe mtu ya kuhesabu gunia," akasema. "Mimi naona wewe tena pale kwa seng'enge, wewe kwenda kambi."

Alijua! Hilo ndilo siwezi kulimeza. Angekuwa mjinga ningemsamehe. Alijua mimi si jasusi, alijua lile daftari ni nini, maana bila shaka analo lake. Jumapili atakuwa ndani ya seng'enge na kikombe cha chai, akiandika, na hakuna atakayemuuliza kitu.

Mke wangu anamshukuru Mungu kwamba nimerudi na meno yote. "Baba Rispa, wacha hizo ndege," ameniambia. "Watoto watakula sauti?" Nimemkaripia bure. Nikipelekwa kambi ya kizuizini, ni yeye atakayebaki na watoto watatu na mlango wa nyumba ya kazi, ambayo si yetu. Uji alioniwekea umepoa hapa kando, na sijamwomba radhi.

Nitamwomba. Na nimeshamwahidi kwamba seng'enge sitaikaribia tena. Zikipita, nitatazama chini kama watu wengine wanaotaka kuzeeka.

Sasa hivi, nikiandika mstari huu, inapita moja. Mama Rispa ameacha kufagia, ananitazama. Sijainuka. Sijageukia dirisha.

Ni ile ile ya asubuhi, inatoka upande wa Molo. Injini mbili. Ile iliyokuwa inakosa mapigo wameshaitengeneza.

Kichwa nitakiinamisha. Masikio je?