Mizigo Isiyofunguliwa

Naro Moru,
Jumamosi, 9 Agosti 2025.

Mpendwa Shangazi Nyawira,

Hujambo huko Ujerumani? Natumaini kifua hakikusumbui kama mwaka jana. Cucu anakusalimu. Bado anamwita ndugu yangu mdogo Ngatia "mume wangu" kwa sababu ana jina la Guka, mume wake, naye Ngatia bado anamkimbia.

Asante kwa picha mbili za hadubini ya elektroni kutoka maabara yako. Nimesoma maelezo yako hadi nikaelewa. Seli ikipata taabu hukusanya vitu vyake katika vifurushi vidogo, na taabu ikipita huvifungua. Sikujua kitu kidogo hivyo kinaweza kuogopa.

Shangazi, Baba hakuelewa. Picha safi ni ya mtu mwenye afya. Ile iliyojaa vifurushi vyeusi ni yake, kutoka kwa ngozi aliyotolewa mkononi ulipokuja Krismasi. Seli zake zilipumzishwa kama zile nyingine, lakini hazikufungua kitu. Baba alipoiona alicheka. "Ona, Wachuka, wapagazi wangu wamefunga mizigo tayari! Huyu mwingine ni mvivu, hajabeba kitu."

Sasa anatembea nayo mfukoni. Jana mpagazi mwenzake, Peterson, alimtania: "Wambugu, hata kikombe ya chai unaangusha, mlimani utabeba nini?" Baba akaitoa akamwonyesha.

Lakini ni yeye aliyenifundisha kwamba mpagazi akifika kambini hufungua mzigo kwanza, kabla hata ya chai, na vidole vikikataa kufungua, wenzake humteremsha siku hiyo hiyo. Nilitaka kumkumbusha hayo. Nimeona nikuandikie wewe.

Jumatatu anapanda na wageni. Kule juu kuna mawe ya kushika kwa mikono.

Leo asubuhi alijaribu viatu, akaniambia nimfunge kamba kwa kuwa mgongo unamuuma. Mgongo wake hauna neno. Niliona vidole. Nikafunga kamba.

Tafadhali mpigie kesho. Wewe ni dada yake mkubwa, atakusikia. Mwambie picha ile inasema nini. Kama inatuhusu mimi na Ngatia pia, niambie, lakini baadaye, Baba akiwa salama.

Jackie wa saiba atakutumia barua hii leo kwa kompyuta yake. Nikitoka kwake nitaficha vile viatu chini ya kitanda cha Cucu. Havitamzuia kwa muda mrefu.

Nisalimie Mjomba Jackton na mtoto Shiro. Mungu awafunike huko, na asituache sisi huku.

Wako akupendaye na kungoja simu yako,
Wachuka