Masuke ya Ngano Mchangani

Huaiyang, mwezi wa tisa, mwaka wa tatu wa enzi ya Yuankang

Kwa mke wa mkuu wa mnara,

Salamu. Natumaini baridi ya huko haijakudhuru, na kwamba mume wako anakula na kulala vizuri. Sisi hapa hatujambo. Mtama umevunwa, na mgongo unaniuma kama kawaida. Anayeniandikia ni Mzee Tan wa kijiji chetu. Ameniomba niwe mpole. Nimemwambia aandike ninavyosema.

Hunijui. Mimi ni mama yake Kuan, askari wa mnara wenu wa ulinzi, huko mpakani kaskazini. Ameniandikia kwamba ulilifumua koti nililomshonea, ukalijaza sufu ya ngamia, na kwamba sasa anavaa viatu ulivyomtengenezea wewe. Anasema, "Mama, Shangazi Nanlai ana huruma kama wewe." Kama mimi! Mimi nilimzaa wakati wa mafuriko, juu ya paa la ghala. Wewe ulikuwa wapi?

Na viatu vyangu viko wapi? Soli zake nilizishona kwa mchoro wa masuke ya ngano, kushoto na kulia, ili kila anapokanyaga akumbuke kwao. Mnara una wanaume wengine. Mshonee mmoja wao.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Utumishi wake unakwisha majira ya kuchipua. Sasa ananisimulia kwamba wanaokubali kubaki huko hupewa shamba karibu na ziwa. Kuan tangu utoto hapendi jembe. Nani amemtia maneno hayo kinywani?

Mimi, mama yake Kuan, niliyemzaa


Juyan, mnarani, mwezi wa kumi na moja

Kwa Mama Kuan, dada yangu,

Shikamoo. Pole na mgongo. Upashe moto kwa mchanga uliokaangwa na kufungwa kwenye kitambaa. Huku wote tunafanya hivyo. Mimi na mume wangu tu wazima, ila upepo umeanza kuokota kokoto na kuzirusha milangoni.

Koti lako lilikuwa zuri kwa mtu wa Huaiyang. Hapa angekufa nalo.

Kuhusu viatu: mbele ya mnara kuna ukanda mrefu wa mchanga. Askari huusawazisha kwa reki kila siku, na asubuhi huusoma, kwa maana aliyevuka usiku, awe Mxiongnu, adui wa kaskazini, anayeingia au mtoro anayetoka, lazima ameacha nyayo. Kuan ndiye msomaji wetu bora. Akiona unyayo anakuambia mtu alikuwa amebeba nini. Lakini kokoto za hapa hula soli, ndiyo sababu namtengenezea za ngozi.

Ningependa kukuambia kwamba vyako vimechakaa. Havijachakaa. Amevifunga kwa kitambaa akavitundika kwenye boriti, wala havivai. Anavaa vyangu kwa sababu vyangu vikiharibika si kitu. Napita chini ya boriti hiyo kila ninapokwenda kuchota unga, na kila mara roho inaniuma.

Uji wangu anakula mabakuli mawili, kisha anasema, "Wa Mama una vitunguu majani." Nimepanda vitunguu majani. Akaonja, akasema, "Si vile, Shangazi."

Mimi sikujaliwa mtoto. Ndiyo, ni mimi niliyemwambia habari za shamba. Bado hajanijibu.

Mdogo wako, Nanlai


Huaiyang, mwezi wa kwanza, mwaka wa nne

Kwa Nanlai,

Marahaba. Lakini mimi sina mdogo. Mama yangu alinizaa peke yangu. Mgongo umepata nafuu kidogo. Mchanga wako haukuhusika; hali ya hewa imebadilika.

Kwenye boriti! Nilimwomba Mzee Tan anisomee hapo tena, kisha nikamwita jirani asikie. Na vitunguu majani navyo! Pole, mwenzangu. Havioti hivyo hivyo kwa kila mtu.

Sasa sikiliza. Siku ya kumaliza utumishi wake, asirudi na ngozi zako miguuni. Avae vyangu, aje navyo mpaka mlangoni pangu. Na nataka wewe mwenyewe, kwa mikono yako, uvitungue kutoka kwenye boriti na kumwekea miguuni. Shamba la ziwani wampe mtu asiye na mama.

Mama yake Kuan


Juyan, mwezi wa tatu

Kwa Mama Kuan,

Shikamoo. Sitauliza habari za afya yako. Soma barua hii ukiwa umekaa.

Barua yako ilipofika, nilisomewa hapo penye neno "kwa mikono yako", nikavitungua. Lakini sikumwekea Kuan. Askari mmoja, Meng, alikuwa amepita jikoni akitania, "Shangazi, vidole vyangu vinachungulia dunia." Nikampa. Nilitaka Kuan aondoke na vyangu. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Usiku ule Meng alitoroka kwenda kaskazini.

Kuan ndiye aliyekwenda kusoma mchanga asubuhi. Nilimwona akipiga magoti. Reki ilikuwa mkononi mwake na hapakuwa na mtu mwingine, angeweza kufuta. Badala yake alimwita mume wangu, akamwambia, "Mkuu, soli hizi ni za mama yangu."

Sasa amefungwa minyororo. Wanasema, nani angetoa viatu alivyoshona mama yake isipokuwa yeye mwenyewe? Wanasema alimsaidia mtoro. Wakimwuliza, anajibu kwamba hajui. Lakini alinitazama, dada. Anajua.

Siku zinapita nami nimenyamaza. Nikisema, mume wangu atapoteza cheo chake, na mimi nitahukumiwa kutwanga nafaka ya serikali. Nikinyamaza, Kuan atahukumiwa kujenga ukuta wa mpakani. Ukuta unajengwa hapa hapa, hatua chache kutoka jikoni kwangu. Atakuwa anakula uji wangu kwa miaka. Hilo nimeliwaza. Nimeliwaza nikikoroga chungu, na mkono wangu ulikuwa umetulia.

Mkaguzi anafika kesho.

Nanlai


Huaiyang, mwezi wa sita

Kwa Nanlai,

Natumaini mikono yako haijachubuka sana kwa mchi. Ipake mafuta ya kondoo kabla ya kulala. Hapa ngano imeiva.

Mwanangu alifika kabla ya barua yako. Niliposomewa, yeye alikuwa ameketi karibu nami, ndiyo sababu mimi bado ni mzima. Amenieleza yaliyobaki. Kwamba mume wako alikuvuta mkono, ukamponyoka, ukamwambia mkaguzi, "Ni mimi. Nilimwonea wivu mama yake." Kwamba mkaguzi aliuliza kama hilo ni jibu, nawe ukasema huna jingine. Kwamba walikuadhibu zaidi kwa kunyamaza kuliko kwa viatu. Na kwamba mume wako sasa anashika reki kama askari yeyote.

Usidhani nimekusamehe. Kila ninapokumbuka ule mkono uliotulia, natamani ningekuwa karibu na chungu hicho.

Tena umeniharibia mtoto. Nilimpikia uji wenye vitunguu majani. Alikula mabakuli mawili, akasema, "Wa Shangazi ulikuwa na samaki mkavu." Nimezunguka soko zima nikitafuta samaki mkavu. Nikapata, nikatia. Akaonja, akasema, "Si yule, Mama."

Alikuja na viatu vyako. Vimevuka jangwa na Mto Manjano, na soli hazijaachia. Nilikuwa nimemshonea vipya. Alivivaa siku hiyo hiyo, akaingia navyo matopeni. Vyako amevipangusa, akavifunga kwa kitambaa, akavitundika. Viko kwenye boriti, juu ya mtungi wa unga. Nami ndiye ninayechota unga nyumba hii.

Kuan anasema miguu yako ni midogo kuliko yangu. Viatu vilivyofungwa pamoja na barua hii nimevikadiria kwa maneno yake, na soli zina masuke ya ngano. Vivae. Usivitundike, na usimpe mtu.

Dada yako