Keria ya Baiskeli Nne

Riruta,
Nairobi.
14 Septemba 2025

Kwa kaka yangu Ogutu,

Salamu zangu zikufikie hapo Ugunja, wewe, shemeji Ajwang na Mama. Ni matumaini yangu kwamba goti lako limetulia tangu mvua zipungue, na kwamba Mama anameza dawa zake za presha bila kugombana na mtu. Sisi huku ni wazima wa mwili. Carolyne yuko, wasichana wamerudi shuleni, na kazi yangu ya bima huko mjini inaendelea vilevile. Nasema wazima wa mwili kwa sababu hayo mengine utayasoma.

Najua utashangaa kupokea karatasi badala ya simu. Nimekupigia mara mbili mwezi huu, na mara zote mbili nikaishia kuuliza habari za mahindi. Kwenye simu mimi ni hodari wa kucheka na kubadilisha mazungumzo. Hapa hakuna pa kukimbilia.

Kaka, miezi miwili hii nimehangaishwa na keria, yaani kile chuma cha kubebea baiskeli kwenye gari. Ukisema ni upuuzi sitakulaumu. Unakumbuka ile Pajero yetu, gari la fobaifo ulilolisifu Desemba ulipokuja kutibiwa goti. Baiskeli zilipokuwa mbili, ya Ivyne na ya mdogo wake Jacklyne, tulikuwa tunalaza viti vya nyuma na kuzisukuma ndani, gari linanuka grisi lakini tunafika. Ivyne sasa ana miaka kumi na mitatu na ameingia klabu ya waendesha baiskeli wanaofanya mazoezi karibu na msitu wa Ngong Road. Si mchezo tena kwake. Mwezi wa tano Carolyne naye akajinunulia ya kwake. Halafu mwezi wa sita, nilipotimiza miaka arobaini na mitano, nilirudi kutoka kazini nikakuta baiskeli ya nne imesimama sebuleni, ya buluu, imefungwa utepe. Yangu. Walikuwa wameichangia wote watatu. Klabu ilipanga siku ya familia Naivasha, Jumamosi ya kwanza ya Septemba, wazazi na watoto waendeshe pamoja kando ya ziwa. Carolyne akanipa kazi moja tu, nitafute keria ya baiskeli nne.

Nilianzia Ngara, kwa Mhindi mmoja anayeitwa Inderjit, ana duka la vifaa vya magari. Ni mtu mpole, wa umri wako hivi, na hajui kukuharakisha. Alinitolea kwanza keria ya mikanda, ile inayoning'inizwa kwenye mlango wa nyuma. Tulipotoka nje kuijaribu akaona mwenyewe kwamba gurudumu la spea la Pajero limekaa hapohapo mlangoni, keria haina pa kuegemea. Nikaondoka nimefurahi, jambo lililomshangaza.

Jumamosi iliyofuata akanitafutia ile inayofungwa juu ya spea yenyewe. Hiyo nikainunua, maana Carolyne alikuwa amesimama kando yangu. Tulipofika nyumbani kifuniko kigumu cha spea kikakataa kutoka, na kilipotoka bolti zikawa fupi. Nilipobadilishiwa zingine ndefu, baiskeli ya Jacklyne ikawa haining'iniki kwa sababu fremu yake imepinda kwenda chini, haina lile bomba la juu. Tukaambiwa kuna fimbo ya kuongeza, nayo ilikuwa imeisha. Tulipobahatika kupandisha tatu, zikafunika taa na nambari ya gari, nami nikasema hapo polisi watatusimamisha kabla hatujafika Limuru. Nikaongeza kwamba bawaba za mlango hazikuundwa kubeba uzito huo. Carolyne aliuliza kama nimesoma hayo mahali. Nikamwambia mimi natathmini ajali za magari kila siku, najua. Kaka, kazi yangu ni kutafuta sababu ya kukataa dai la mtu, na kwa hilo sijawahi kuwa hodari kama nilivyokuwa miezi hiyo.

Inderjit akasema basi tuweke juu ya paa, ndiyo njia ya wengi. Nikasema gari tayari ni refu kwenda juu, tutagonga chuma cha mlangoni pale tunapoegesha mjini. Carolyne akanikumbusha kwamba siku ya Naivasha hatutakuwa tunaegesha mjini. Nikasema hakuna atakayeweza kuinua baiskeli mpaka huko juu. Aliingia jikoni, akatoka na kigoda, akakipanda, akainua baiskeli yake na kuiweka juu ya paa mbele yangu na mbele ya majirani wa ploti nzima. Kisha akaishusha, akarudisha kigoda jikoni.

Ikabaki njia ya mwisho, jukwaa linalochomekwa kwenye ndoano ya kuvutia trela. Pajero yetu haikuwa na ndoano. Fundi Musembi wa Dagoretti Corner akaahidi kuichomelea kwa siku moja, ikawa siku tisa. Alipomaliza, mdomo wa ndoano ukawa mpana kuliko mguu wa keria, chuma kikawa kinacheza kama jino bovu. Musembi akasema ni keria iliyo nyembamba, Inderjit akasema ni ndoano iliyo pana, na mimi nikawa naendesha kati ya Dagoretti Corner na Ngara na foleni zile unazozijua, kila mmoja akinituma kwa mwenzake. Nilikuwa nakasirika kwelikweli. Nilimfokea Musembi, nikamfokea na Inderjit ambaye hakuwa na kosa lolote. Nikamwambia nimechoka, anirudishie kila kitu, tutaahirisha safari.

Inderjit alivua miwani, akaiweka kwenye kaunta. Akaniambia, "Bwana Obuya, mimi nimeuza hizi vitu miaka ishirini na mbili. Mtu akitaka keria anaondoka nayo siku ya kwanza. Wewe nimekupatia nne. Kwani ni nini hutaki, keria ama safari?"

Akaingia stoo, akatoka na kipande cha chuma cha kujazia mdomo wa ndoano, akaja nje, akapiga magoti kwenye vumbi na kukifunga mwenyewe. Keria ikatulia. Alizitikisa baiskeli zote nne kwa mkono, hata moja haikusogea. Alikuwa amenifungia njia ya mwisho ya kutokea na wala hakujua.

Tulienda Naivasha. Njiani wasichana walikuwa wanageuka kila mara kuangalia nyuma kama baiskeli bado zipo, na zilikuwepo. Tulikuta familia kama ishirini. Kocha wa Ivyne ni dada mmoja anaitwa Nyawira, mkali lakini watoto wanampenda. Alikuja kunisalimu kwa mikono miwili, akasema ameambiwa mengi kunihusu, kisha akawageukia watoto na kuwatangazia kwamba siku hiyo watafuata nyuma ya baba yake Ivyne, aliyeshinda mashindano makubwa ya baiskeli huko Siaya. Wakanipigia makofi. Ivyne alikuwa amesimama pembeni, anajaribu kutotabasamu sana.

Nilipanda. Sijui nilikuwa nafikiria nini. Labda nilidhani mwili ungejua wenyewe, kwa kuwa nimeketi nyuma ya baiskeli miaka mingi. Nilikanyaga mara mbili, gurudumu la mbele likageuka lenyewe, nikaangukia ubavu kwenye ua wa michongoma. Ivyne alikuja mbio akidhani breki zimeshika. Alichuchumaa, akazijaribu, akazungusha magurudumu, akaona kila kitu kiko sawa. Halafu akaniangalia mimi, mikono yangu, jinsi nilivyokuwa bado nimeushikilia usukani kama mtu anayezama. Akasema polepole, wenzake wasisikie, "Baba, hujui kuendesha."

Hapo kando ya barabara, Kaka, ndipo nilipowaambia. Na sasa nakwambia wewe, ingawa naamini ulishajua.

Sijawahi kujua kuendesha baiskeli. Unakumbuka nilivyoanguka mtaroni nikiwa na miaka tisa, nikakataa kujaribu tena, nawe ukasema basi niwe nakaa nyuma. Nikakaa nyuma mpaka nilipomaliza sekondari. Nilipokutana na Carolyne nilikuwa karani mpya mjini, sina lolote, naye akaniuliza siku moja ni jambo gani nimewahi kufanya likanipa fahari. Nikatafuta ndani yangu, sikuona kitu. Nikampa lako. Nikamwambia mwaka wa tisini na nne nilishinda mashindano ya Madaraka, Ugunja mpaka Sega na kurudi, kwa baiskeli ya Baba, blekimamba yenye breki moja, nikapewa redio. Siku ile mimi nilikuwa nimelala nyumbani na tetekuwanga. Nilikuona tu ukiingia na hiyo redio kichwani. Nilimwambia pia kwamba nilikuwa naendesha maili tisa kwenda shuleni kila mwanzo wa muhula, sanduku la bati limefungwa nyuma. Sanduku lilikuwepo, na mimi nilikuwa juu yake, na wewe ndiye uliyekuwa unashuka na kutusukuma sote kwenye ule mlima. Katika hadithi yangu hukuwepo kabisa. Hata nafasi ya kusimama pembeni ukishangilia sikukupa.

Wasichana walipozaliwa, hadithi ikawa yao. Ivyne aliingia klabu kwa sababu yake.

Kinachoninyima raha zaidi ni ile Desemba. Ulikuwa mezani kwetu, mguu umeunyoosha juu ya kiti, Ivyne akaniomba nikusimulie wewe, baba yake mkubwa, jinsi nilivyoshinda. Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini nilisimulia. Nilisimulia mbele yako, tangu mwanzo mpaka redio. Ulikuwa unaangalia sahani. Nilipomaliza ukaniuliza tu kama upepo wa Sega ulikuwa mkali siku hiyo. Nikasema ulikuwa mkali sana. Ukaitikia kwa kichwa, ukaomba uongezewe mboga. Nimeshindwa kukuangalia machoni tangu siku ile, ndiyo maana simu zangu zimekuwa za mahindi.

Carolyne alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilitegemea anifokee. Alisema kwamba miezi miwili yote, nilipokuwa nakataa keria hii na keria ile, yeye alidhani nimewachoka, kwamba sitaki kuonekana nao Jumamosi, na alikuwa ameanza kujiuliza nitaondoka lini. Alikuwa analia kwa hilo, Kaka, si kwa mashindano. Sikuwa nimefikiria hata mara moja kwamba uoga wangu unaweza kusomeka hivyo. Kisha akapanda baiskeli yake akaenda na Jacklyne, kwa kuwa mtoto alikuwa anangoja. Mimi nilibaki kwenye gari, nikichomoa miiba mkononi, mpaka waliporudi.

Ivyne amekuwa ananijibu kwa adabu tangu hapo. Ni adabu ya kujibu mgeni. Anafanya mazoezi kama kawaida, wala hajaacha klabu, na ni yeye mwenyewe aliyemwendea Nyawira kumwambia ukweli kabla sijapata ujasiri wa kwenda. Juzi alinijia nikiwa nafua soksi, akaniuliza maswali mawili. La kwanza, ni nini kingine nilichowaambia ambacho si changu. Nilikaa chini nikafikiri, nikamwambia hakuna, ni hicho tu, lakini ni kikubwa. Sijui kama aliniamini. La pili, kwa nini baba mkubwa alisikia yote na akanyamaza. Hilo nilimwambia sina haki ya kulijibu.

Keria sasa inafanya kazi vizuri. Jana walienda Ngong, baiskeli tatu, na ya buluu ikabaki ukutani. Siku mbili hizi nimekuwa nikiitoa mapema asubuhi na kuisukuma hadi uwanja wa kanisa, naketi juu yake nikiburuza miguu chini kama mtoto. Jirani aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia najifunza. Ilikuwa vigumu kutamka kuliko nilivyotarajia.

Desemba tunakuja nyumbani sote. Nitayasema haya mbele ya Mama, mbele ya shemeji na watoto wako, siku ya kwanza tukifika, kabla ya chai. Sikuombi uniambie kwamba si kitu. Ni kitu. Ulikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna mtu mwingine kijijini aliyekuwa nacho, nami nikakichukua nikakivaa mjini miaka kumi na tisa. Nisamehe ukiweza, na kama huwezi kwa sasa, nitaelewa.

Ndani ya bahasha hii nimeweka bahasha nyingine, ina stempu tayari na jina la Ivyne. Kama umenikasirikia, usinijibu mimi. Mwandikie yeye. Mwambie siku ile ilikuwaje, tangu ulipofunga kamba za viatu mpaka ulipofika. Hajawahi kuisikia kutoka kwa aliyekuwepo.

Msalimie Mama, umwambie asiruke dawa. Msalimie shemeji Ajwang, watoto, na wote watakaouliza habari zetu. Carolyne anakusalimu, na amesisitiza niandike kwamba salamu zake ni zake, si zangu.

Ni mimi mdogo wako,

Maxwell Obuya