Mkono Haukufika Sikioni

Mjukuu wangu Mwanasha,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Msambweni tu wazima, alhamdulillahi, ila barua zako kuhusu mwanao uliyemsomesha nyumbani zimenichosha. Aanze darasa la kwanza au la tatu, la kwanza au la tatu!

Mwaka wa uhuru, babangu alikuwa keshanifundisha kusoma, akataka nianze la tatu. Mwalimu akaniambia nipitishe mkono juu ya kichwa nishike sikio la pili, ndicho kipimo cha umri siku hizo. Haukufika.

"La kwanza," akasema.

Baba akauvuta ule mkono hadi nikalia. Wakabishana mpaka adhuhuri. Mimi nilitaka la pili, nikae na Mwanamisi, jirani yetu.

Umeniuliza mimi, umemuuliza mumeo, umewauliza walimu. Mtoto mwenyewe umemuuliza lini?

Bibi yako