Marumaru ya Baba na Tindikali

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumapili, kwa sababu siku hiyo baba mdogo Iqrar anakuja na saruji.

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la kumi hapa Makrana, mji wa machimbo ya marumaru, na baba yangu alikuwa mkata marumaru kama wanaume wengi wa mtaa wetu, vumbi la mawe likamkaa mapafuni, akatutoka mwezi wa Ramadhani. Alikuwa amenipa chumba kidogo cha juu nifanyie majaribio ya kemia, akachagua bamba jeupe lisilo na ufa, akalisugua mwenyewe huku akihema, akasema hiyo ndiyo meza yangu. Sasa mama anataka lijengewe humo kwa saruji, nami najua tindikali hula marumaru, nimejaribu hata siki kwenye kipande kilichotupwa, kikatoa povu na mng'aro ukapotea. Niliposema labda tutafute jiwe jingine, baba mdogo alicheka, "We binti, Makrana nzima inakula kwa jiwe hili, leo wewe unaliona bovu?" Mama hakucheka. Alisema, "Kama hulitaki, sema tu. Nijue baba yako alijichosha bure." Nikanyamaza. Nifanyeje?

Tarannum

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba.

Uliponyamaza ulikosea. Umemwacha mama yako aamini unaikataa kazi ya mumewe, kumbe unailinda. Baba mdogo usimkasirikie. Huko kwenu jiwe hupimwa kwa nyundo na mvua, nani wa kulimwagia tindikali?

Leo hii keti na mama jikoni, dondoshea siki kipande kingine mbele yake, umwambie, "Mama, sitaki kazi ya baba iishe hivi." Atalia. Usimkimbie.

Kisha mwombe baba mdogo akutafutie mabaki ya graniti nyeusi, ndiyo inayostahimili majaribio yako. Jiwe la Kota, lile la kutandika sakafuni, ni la bei nafuu, lakini nalo ni la chokaa, tindikali italila, likatae. Mbao hunyonya na kuungua, bati litaliwa na kutu. Tindikali kali iache shuleni, mbele ya mwalimu.

Bamba la baba lifanye meza ya kuandikia, na mama ndiye achague likae wapi. Litadumu kuliko sisi sote, ila halitamrudisha baba. Hilo mlilie pamoja.