Swichi, au Ijifunge Yenyewe?

Jumatatu, 3 Machi

Gari la kliniki limerudi likiburutwa na trekta. Matope mpaka kwenye vioo! Mume wangu, dereva wake, akashuka bila haraka, akafuta miwani. Wenzake kazini wanamwita Taratibu, na jina limemkaa. Anasema gurudumu moja la nyuma lilizunguka bure kwenye tope, na lile la pakavu likatulia tu kama mgeni. Ndivyo difu ilivyo, ile gia ya kugawia magurudumu nguvu — nguvu yote inakimbilia kule kunakoteleza. Mama mjamzito aliyekuwa ndani alibebwa kwa machela kilomita mbili. Kajifungua salama, Mungu mkubwa.

Daktari kanipigia. Mvua ndiyo kwanza zinaanza, nifunge loki ya difu, aina nichague mwenyewe. Fundi ni mimi, yeye ni wa sindano tu.

Nichague mwenyewe. Haya.

Jumatano, 5 Machi

Zipo za aina mbili. Ya kujifunga yenyewe: unaiweka ndani ya difu, basi, habari yake imekwisha. Na ya swichi: dereva anabonyeza, pampu ndogo ya upepo inaifunga difu, magurudumu yote mawili yanazunguka pamoja. Akitoka kwenye tope, anazima.

Muuza spea anaisifia ya kwanza mpaka mate yanamtoka. Lakini ile barabara naijua. Pale juu ya korongo njia imelala upande. Loki ikijishika yenyewe pale, magurudumu yote mawili yanaweza kuteleza kwa mpigo, mkia wa gari ukaelekea bondeni. Na wajawazito wamo ndani!

Basi ni swichi. Jambo rahisi.

Mbona sijaagiza?

Jumamosi, 8 Machi

Bado sijaagiza. Nimeshusha ekseli, nimeosha difu mara mbili. Haikuwa na uchafu wa kuoshwa mara mbili.

Niseme ukweli, daftari hili nalisoma mimi tu. Swichi inataka mtu wa kukumbuka. Ukiiacha imefungwa ukaingia lami, gari linagoma kukata kona, linang'ang'ania kwenda mbele, na ekseli inaweza kukatika. Na mume wangu siku hizi... Wiki iliyopita aliacha jiko la gesi linawaka, akatoka. Taa za gari, mara mbili. Na juzi tukiwa tunakula akanisimulia habari ya trekta kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na alikwishanisimulia siku ileile aliporudi. Nikamwambia kichwa chako kina pancha, mzee. Akacheka. Nami nikacheka. Tulicheka kuliko utani wenyewe.

Kusahau kila mtu anasahau! Mimi mwenyewe natafuta spana nikiwa nimeishika.

Jumapili, 9 Machi

Tumegombana. Ameiona karatasi yangu mezani, nimeigawa pande mbili. Upande wa swichi nimeandika "akisahau?" Akauliza nani asahau. Nikasema dereva, dereva yeyote yule.

"Kliniki ina dereva mmoja, Mama Pacha."

Kasema miaka ishirini na miwili hajagonga hata kuku. Kasema kama simwamini nimtafutie toroli asukume. Nikajibu vibaya, sitaandika nilichosema. Sasa amekaa nje na redio yake, na redio yenyewe hajaiwasha. Wanetu pacha nao kila mmoja ana mji wake na wake zao wanawatosha, hakuna wa kutusuluhisha.

Nina hasira. Si juu yake. Naogopa, ndicho kitu.

Jumanne, 11 Machi

Nimeagiza ya swichi! Kwa ubishi au kwa mapenzi, sijui. Na nimetengeneza kengele: loki ikiwa imefungwa inalia tii-tii-tii mpaka uizime. Taa nyekundu pia, kubwa, katikati ya dashibodi. Daktari akauliza kama zote huja na kengele. Nikasema ndiyo. Mtu mwema yule, nami nimemdanganya.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemaliza kuifunga kwenye gari. Upepo hauvuji. Mgongo wangu umekwisha.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi tumelijaribu, mimi na yeye. Nilikaa pembeni nimeshika mkanda kwa mikono miwili. Tukafika kwenye lile tope — akabonyeza, gari likatambaa likatoka, wala halikutetereka. Kengele haijalia vizuri, ameshazima! Juu ya korongo akapita loki imezimwa, mdogomdogo, huku ananieleza wapi pa kuweka tairi. Lami, kona, sawa. Nilipiga kelele kama mtoto. Nikambusu shavuni na matope yake. Moyo wangu ukawa mwepesi, jamani, wiki mbili nimejitesa bure!

Tumerudi. Akaenda kuoga, mimi nikafuta vumbi ndani ya gari. Nikashusha kile kibao cha kukinga jua upande wa dereva. Kuna karatasi imebandikwa kwa plasta ya kliniki. Mwandiko wake, herufi kubwa. TOPE — BONYEZA. UMETOKA — ZIMA. Wino mpya. Nikatabasamu, nikasema kumbe kajiandaa.

Chini yake wino ni wa zamani, jua limeshaufifiza.

KLINIKI — KULIA KWENYE MNARA WA SIMU.
NYUMBANI — KUSHOTO BAADA YA DARAJA.
USIWAPITIE PACHA SHULENI. WAMEKUA.

Nikakaa kwenye kiti chake, nikaisoma tena. Wino kufifia vile si kazi ya wiki mbili. Anajua. Amejua siku zote hizo, akawa anacheka na mimi mezani.

Sasa niko ofisini kwangu, daftari juu ya mapaja. Simu inaita mara ya tatu. Daktari. Alishanitumia ujumbe: kesho kuna wajawazito wawili wa kuteremshwa kutoka juu, anataka kujua kama gari liko tayari. Gari liko tayari. Akiuliza gari tu, nina jibu.

Karatasi nimeiacha palepale. Pembe moja ya plasta ilikuwa imebanduka, nikaibonyeza irudi.

Huyo hapo mlangoni, ameoga, shati safi, ananyoosha mkono nimpe ufunguo. Anauliza mbona sipokei simu —